Vyeo vya Ssekabira

Alianza na baiskeli isiyo na breki, Nakaseke,
akiwapelekea muhogo watu wa msituni.
Bunduki zilikuwa tatu; sisi arobaini na mmoja.

Cheo cha kwanza alipewa usiku wa mvua,
kwa kuwa aliyekuwa nacho hakurudi.
Cha pili vilevile.
Cha tatu tulivuka Mayanja, maji shingoni;
ng'ambo akahesabu vichwa,
akahesabu tena,
akatuambia tukamue nguo.

Kampala wakamvika nyota, tarumbeta zikalia.
Alitazama viatu.

Sasa yuko Semuto, anapalilia kahawa.
Watoto wa shule wakipita, "Shikamoo Jenerali!"
yeye huchelewa kuitikia,
kama mtu aliyeitwa
kwa jina la mwenzake.