Kamba ya Kuanikia

Miaka ishirini na mbili mama alifua shuka
katika hoteli ya Paraa, juu ya mto,
na kila siku, saa mbili asubuhi na saa nane mchana,
alisikia honi ya boti ikiondoka
bila yeye.

Juzi nilimnunulia tiketi. Aliikunja mara nne
akaifunga ndani ya leso pamoja na karanga,
maana tiketi, alisema, ni kama mtoto mchanga:
haiachwi mezani.
Alivaa viatu vya kanisani.
Isingoma, kijana wa kutuongoza, akampa jaketi la kuokolea;
mama akalinusa kwanza.
"Hili halijapata jua," akasema,
ndipo akalivaa.

Tukaupanda mto, maji yakitukataa.
Isingoma akaonyesha: mamba, kinywa wazi, wanapunguza joto;
keremkerem kwenye matundu ya ukingo,
koo nyekundu kama pilipili iliyomwagika;
furukombe juu ya mti uliokufa, peke yake, kama mdai.
Wageni waliinuka, boti ikalala upande,
kamera zikalia kama panzi.
Mama hakuinuka.
Alikuwa akihesabu yangeyange majanini.
"Foronya kumi na nne," alininong'oneza kwa Kialur,
"na moja ina doa."

Kisha viboko: masikio, pua, masikio,
halafu mgongo mzima, kama sufuria iliyofunikwa.
"Hata jina la mahali lasema," mama alimwambia Isingoma.
"Paraa, kwa viboko. Wewe unawaonyesha kama wageni.
Wageni ni sisi.
Yule mwenye sikio lililochanika
alikuwa akija usiku kula majani nyuma ya chumba cha kufulia.
Nilimwita Meneja:
anaingia bila hodi, anaondoka bila asante."
Kijana alicheka hadi akasahau kututajia
kiboko ana uzito gani.

Maporomoko yalitutumia povu kwanza,
vipande vipande, vikishuka kando ya boti.
Mama akainama akalichota.
"Mkono ndani, mama! Mamba!"
Alikwisha kulisugua kati ya vidole,
vidole vile vilivyopinda kwa maji ya baridi.
"Sabuni ya bure," alisema. "Na nguo hakuna."
Mbele yetu Naili nzima ilijibana
katika mwanya usiozidi upana wa kanisa letu la Panyimur,
ikatoka upande wa pili ikinguruma, nyeupe, imechanganyikiwa.
Nilimtazama mama usoni.
Nilikuwa nimetoa akiba ya miezi mitatu
ili nisikie atasema nini hapo.
Aliniuliza kama nina njaa.

Wakati wa kurudi maji yalitusukuma.
Ndovu wawili walikunywa; hakuna aliyewaambia kitu.
Hoteli ikajitokeza mlimani,
na chini yake, wazi kama meno,
kamba.
Kamba yake. Shuka kumi, labda kumi na mbili,
na mwanamke mmoja, mdogo kama kibanio,
akiinama, akiinuka, akiinama.

Mama alisimama.
"Kumbe panaonekana," alisema.
Akanyamaza mpaka tukapita mti mmoja, na wa pili.
"Kumbe miaka yote ile
tulikuwa tunaonekana."

Mgeni mwenye kofia pana aliielekeza kamera kule,
akaona si mnyama, akaishusha.
Mama alimwangalia, bila hasira, kama mtu anayesoma lebo.
Kisha akaifungua leso, karanga zikamwagika sakafuni,
akaipunga juu, juu zaidi, visigino vikitoka viatuni.
Yule mwanamke alinyooka,
akakinga macho kwa kiganja, akatazama mtoni.
Sijui kama alituona.
Boti zote zafanana ukiwa juu kule.

"Shuka ya pili inaburuta chini," mama alisema.
"Mwambie mtu."
"Nimwambie nani?"
Alikuwa ameshapiga magoti,
anaokota karanga moja moja,
anapuliza vumbi, anatia mfukoni mwangu.