Maji Saba

Bi Filomena aliniambia: Vuai, leo niazime macho yako,
yangu yana ukungu tangu Ramadhani iliyopita.
Nikachukua kapu la sokoni
na kanga yake kuukuu, ile isiyosomeka tena jina,
tukatoka Vuga kwenda Tunguu kutafuta mtoto wa mbwa.
Mimi, mjukuu wa mwalimu wa chuoni.

Mama Trifonia hana haraka na mtu.
Hakutuonyesha watoto. Alitutolea mama yao,
chiwawa wa rangi ya chai ya maziwa, masikio yamemzidi kichwa.
"Anayetaka mtoto amtazame mama," akasema,
nami nikakumbuka posa yangu kule Donge,
shangazi zangu walivyokagua jiko la watu
kabla hata ya kumuulizia mwari.

Kisha beseni, limetandikwa gunia. Ndani wanne.
"Nisomee," akasema Bi Filomena.
Nikamsomea: mmoja kalala.
Mmoja anamng'ata mwenzake mkia.
Wa tatu kajikunyata, macho yana tongo.
Wa nne amekuja mpaka ukingoni, ananitazama mimi
kana kwamba nimechelewa.

"Yule mwenye tongo anatia huruma, Bi."
"Huruma haitibu. Uliza kadi ya chanjo."
Kadi ilikuwapo, na muhuri, na dawa ya minyoo mara mbili.
Lakini mwenye tongo hauzwi mpaka apone,
na wa nne hauzwi leo: hajatimiza wiki nane.
Rudini Jumamosi ya pili.
Mimi niliona uchungu wa petroli.
Bi Filomena alicheka njia nzima:
"Basi huyo ndiye mtu wa kununua kwake."

Tulirudi. Akaingia kapuni,
mwepesi kuliko muhogo mmoja.
Tukamwita Bisi, kwa kuwa hatembei, anaruka.

Maagizo niliyaandika nyuma ya kalenda ya duka la dawa.
Chakula mara nne kwa siku, kidogo kidogo.
Asiruke kutoka barazani, mguu wake ni njiti ya kiberiti.
Mkanda apitishiwe kifuani, shingo iachwe.
Wageni wasimpe chokoleti, wala zabibu, hata wakililia.
Na la mwisho Trifonia alilisema kwa sauti ya chini:
akilegea ghafla, asali kwenye ufizi. Msingoje asubuhi.

Bi Mize wa nyumba ya pili aliniuliza dirishani:
"Vuai, na udhu wako?"
Nikamjibu namlisha kwa kijiko kirefu.
Ilikuwa kweli. Miezi miwili,
mkavu kwa mkavu, na heshima baina yetu.

Mwezi wa nne, saa nane usiku, mvua inapasua mabati,
kengele ya Bi Filomena ikalia.
Bisi alikuwa kiganjani mwake
kama kitambaa kilichokamuliwa.
Macho hayauoni ufizi, mikono inatetemeka,
asali inamwagikia shuka.
"Vuai," akasema. Basi.
Alijua anachokiomba, ndiyo maana hakukiomba.

Kijiko kirefu hakikuingia katika kinywa kile.
Nikachovya kidole.

Ufizi wa baridi. Nikasugua, nikasugua.
Nikasoma nilichokikumbuka.
Kisha ulimi, mwembamba, wa vuguvugu,
ukakisafisha kidole changu mpaka chini ya ukucha.

Niliteremka uani, nikachota udongo wa chungu cha mrehani.
Mara moja kwa udongo, sita kwa maji,
nikihesabu kwa sauti kama babu alivyonifundisha,
na pale nilipopotea hesabu mvua ikanimalizia.
Sikuosha kwa kinyaa.
Niliosha kama mtu afutaye wino baada ya kutia saini.

Alfajiri nilisimama safu ya kwanza.

Juzi Bi Mize kaniuliza tena, na udhu je?
Nikamwonyesha chungu cha mrehani.
Udongo umebaki nusu.