Theluji ya Machomane

Mgonjwa wa kitanda cha tisa hakuwa na vidole vinne.
Baridi ya msituni ilivichukua, wakati wa vita,
naye akivitaja kimoja kimoja
kama watoto waliokufa wachanga.
"Andika," akaniambia. "Wewe unavyo kumi."

Nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi,
Raya binti Shaame, nimefika Belgradi
na kanga tatu, fungu la karafuu na koti la kuazima.
Sikujua kwamba yule mzee ni malenga.
Nilidhani ni mtu wa kulalamika kwa vina.

Radosavi, mwana wa fundi viatu.
Bunduki begani, penseli ndani ya soksi.
Wakizika usiku, na asubuhi yeye hutunga
ubeti mmoja kwa kila maiti,
mfupi, maana karatasi ilikuwa ya kusokotea sigara.
Beti arubaini na moja.
Asiowajua majina
aliwaandika kwa walichopenda kula.

Vita vikesha wakampa nishani, wakampa na kiti.
Akaandika juu ya kiti.
Wakachukua vyote viwili.

Sasa nimestaafu. Daftari lina madoa ya iodini.
Kila alasiri naligeuza Kiswahili
na kila alasiri nakwama palepale: theluji.
Neno ninalo. Lakini mjukuu wangu Mbarouk akilisikia
hufungua friji, akanionesha ule weupe
ulioganda juu ya mfuko wa pweza.
"Hii, bibi?"
Hiyo, namwambia. Hiyo, ikimeza ng'ombe na pembe zake.

Nilijaribu kwa mizani, alivyonifunza baba:

*Twaliwazika wenzetu, usiku pasipo taa,*
*Kwa masufuria yetu, ardhi ikakataa,*
*Jina hatukuthubutu, kumuuliza kwa njaa,*
*Alipenda jibini tu, na theluji ikajaa.*

Vina vimekaa. Ndiyo maana siuamini.
Yeye alikuwa akikatiza katikati ya neno
kama mtu aliyesikia hatua nje,
nami, kalamu mkononi, nikingoja,
nisijue kama amelala au amejificha.

Jana umeme ulikatika kutwa. Friji ikavuja hadi ukumbini.
Mbarouk akabandua kipande cha mwisho,
akaja nacho mbio toka jikoni, "Bibi, iandike upesi!"
Kilipofika kilikuwa maji.
Akasimama pale, kiganja wazi,
akikiangalia.