Muda Wote

Lifti imebandikwa karatasi: MBOVU.
Karatasi yenyewe imeshakuwa ya njano,
ina namba ya fundi, na mtu ameikata kwa penseli.
Kwa hiyo ngazi. Arobaini na moja.
Gongo, gongo, mguu. Gongo, gongo, mguu.
Nasoma takwimu, siwezi kupanda bila kuhesabu.

Huko juu, dirisha namba tatu,
ndiko walikoiweka ruzuku ya watu wenye ulemavu.

Dada wa dirishani anaitwa Tunukiwa, kibandiko kinasema.
Akapokea bahasha yangu kwa mikono miwili:
barua ya mtendaji wa mtaa, muhuri umekanyaga saini,
picha mbili, nyuma buluu,
cheti cha daktari: asilimia arobaini na tano.
Hiyo tano sijui aliitoa wapi.
Alinigusa goti, akatazama dari, akaandika.

"Unasoma?"
"Nasoma."
"Jioni? Kwa masafa?"
"Muda wote."
Akaiweka kalamu chini taratibu, kama anaweka yai.
"Basi hapo, mdogo wangu, ndipo panapokwama.
Hela hii ni ya wasiojiweza.
Mwanafunzi wa muda wote, mwongozo unasema, anajiweza."

Nikautazama mguu wangu wa kushoto.
Nao ni wa muda wote.
Haujui likizo ya Julai,
haujawahi kuahirisha muhula.

Kujiweza.
Mama anakaanga vitumbua Mtoni tangu saa kumi alfajiri
ili siku za mvua nipande bajaji,
maana matope na gongo si ndugu.
Fundi Kibwana wa Tandika ananichongea mpira wa gongo
kwenye tairi la pikipiki, buku mbili kwa jozi,
na jozi haimalizi miezi miwili.
Siku nyingine anasema, lete ukipata.
Huko kujiweza kwangu kuna majina ya watu.

Tunukiwa akachungulia kulia, akachungulia kushoto,
akasogeza mdomo kwenye tundu la kioo.
"Sikiliza. Hapa kwenye Shughuli, andika Hana.
Chuo usikitaje. Wengi ndivyo wanavyofanya."
Hakuwa na ubaya. Sauti yake ilikuwa ya mtu
anayekuonyesha njia ya uani
kwa sababu mlango wa mbele una ngazi.

Hana.
Herufi nne.
Nikawaza hela, sitasema sikuwaza.
Nikawaza magongo ya alumini niliyoyaona Kariakoo,
nikawaza mama amelala hadi kumekucha.
Kalamu ikakaa juu ya kisanduku
hadi ikadondosha nukta ya wino.

Nikaandika MWANAFUNZI, nikianzia penye nukta,
kwa mkono mzito, nakala ya chini ikasomeka,
na ya chini yake.
Tunukiwa akashusha pumzi, akagonga muhuri: IMEPOKELEWA.
"Watakupigia," akasema,
na sote wawili tukatazama pembeni.

Kipindi cha saa nne nilikikuta katikati,
mhadhiri anaeleza wastani.

Hiyo ilikuwa Machi. Simu haijalia.
Kinacholia ni mpira wa gongo la kushoto,
umelika hadi chuma,
kila hatua kwenye sakafu ya maktaba.
Watu wanainua vichwa.
Nasema samahani, napita.