Jibu la Swali la Kumi na Nne

Barua imefika Jumanne pamoja na oda za vitabu
na hundi ya mjane wa Kansas anayelipa kidogo kidogo.
Mwandiko wa penseli, mistari imepigwa kwa rula:

*Naitwa Thirza Brubacher, nina miaka tisa.
Tunasomea jikoni. Kaka zangu wanne wamenitangulia
katika kitabu hikihiki cha Hesabu.
Mapipa saba ya tufaha, kila pipa kilo arobaini na nane.
Kitabu cha majibu kinasema mia tatu ishirini na sita.
Nimezidisha mara tano. Nimepanga maharage sakafuni.
Mama anasema vitabu vyenu huombewa kabla ya kuchapwa.
Naomba mnionyeshe nilipokosea.*

Ni kweli, tunaomba.
Hapa Ohio, katika zizi lililokuwa la ng'ombe wa maziwa
(mfereji wa mkojo bado umo sakafuni, mashine imeukalia),
kabla ya wino tunazunguka karatasi, kofia mkononi,
na Enos anamkabidhi Bwana kurasa mia mbili na nane.
Bwana, kwa kadiri nijuavyo,
hajawahi kuturudishia prufu.

Saba mara nane, hamsini na sita.
Sita naandika, tano mkononi.
Saba mara nne, ishirini na nane, na ile tano:
thelathini na tatu.
Mia tatu *thelathini* na sita.
Nimerudia kwa vidole, mtu mzima wa miaka sitini na moja.

Nikateremsha toleo la kwanza kutoka rafu ya juu.
Kosa limo.
La pili, limo. La saba, limo.
Miaka kumi na tisa, na pembeni, kwa wino wa kijani,
herufi za aliyehakiki: L.S.
Leroy Stauffer.
Mimi.

Kosa lenyewe nalivumilia. Wino huteleza, macho huchoka.
Lisilonipa usingizi ni ile mikono:
watoto wa Alberta, wa Missouri, wa mashamba nisiyoyajua,
mezani, kando ya unga unaoumuka,
waliopata thelathini na sita, wakatazama kitabu,
wakachukua kifutio.
Wakaifuta kweli taratibu, kwa utii,
wakapuliza vumbi lake,
wakaandika kosa langu kwa mwandiko mzuri,
na mama akatia alama ya vema.

Enos aliisoma barua akiwa amesimama.
"Tutabandika karatasi ya masahihisho," akasema.
Kisha akaketi juu ya boksi la Sarufi ya Darasa la Sita.
"Na wale waliokwisha kufuta?
Wengine wana ndevu sasa, Leroy.
Tutawaandikia wapi?"
Theluji ilikuwa imefika kwenye vioo vya chini.
Chumba cha pili gundi ilichemka, hakuna aliyeitazama.

Nimepiga mistari kwa rula, kama yeye.
*Thirza, hukukosea. Nilikosea mimi,
kabla hujazaliwa, na nikaendelea kukosea
kila tulipochapa upya.
Usifute.*

Palibaki nafasi chini. Nikaandika:
*Kaka zako wanne walipofika swali hili,
walipata ngapi?*

Nikaukata mstari huo.
Nikaenda kuzima jiko la gundi,
nikarudi, nikauandika tena.