Mguu wa Kushoto

Nilishuka Mbezi jua likiwa bado jipya,
siku mbili na nusu za basi zimelala magotini,
kutoka Bukavu, kupitia nchi isiyo yangu,
na begi jeusi, na barua ya chuo
iliyokunjwa mara nne kama leso ya msibani.

Saa yangu ya mkononi ilisema kumi na mbili.
Saa ya stendi ikasema moja.
Nikaihurumia stendi:
kubwa hivi, na saa mbovu.

Kwetu naitwa Nsimire, ndiyo kusema nashukuru.
Nikamshukuru kijana aliyeniteremshia begi:
"Aksanti sana, kaka. Biro ya teksi iko wapi?"
Akamgeukia mwenzake: "Huyu anasemaje?"
Mwenzake akacheka hadi karanga zikamponyoka.
"Dada, ongea Kiswahili."

Nilidhani ndicho ninachoongea.
Ndicho nilichonyonya, nilichochapiwa, nilichoombewa;
ndicho mama alichonifokea soko la Kadutu
mbele ya watu. Mbele ya batu.
Kumbe lugha nayo huvuka mpaka
ikagongwa muhuri: mgeni, siku tisini.

Dereva wa bajaji akataja bei.
Nikamwambia, "Makuta yangu ni kidogo."
"Makuti? Nani kakuomba makuti?
Mimi sijengi banda."

Mlimani, dirisha la usajili limeshushwa kitasa.
Ndani, mama mwenye miwani ya kamba anamenya muhogo.
"Wageni mwisho saa nne."
"Ni saa tatu na nusu," nikauinua mkono, shahidi wangu.
Akaitazama saa, akanitazama mimi,
akauliza, wala bila ubaya:
"Saa tatu na nusu wapi?"

Nikakaa kwenye ukingo wa saruji, nikafungua begi nitoe vyeti.
Viatu.
Vya kike, vya kiume, vya shule, kimoja cha harusi,
vyote vya mguu wa kushoto.
Nikavihesabu, arobaini na kimoja,
maana sikujua jambo jingine la kufanya.
Ndani ya kile cha harusi, karatasi:
Tweve, Mtaa wa Kongo, na namba ya simu.

Yule mama akanipenyezea simu yake chini ya dirisha.
"Upesi. Vocha yangu hiyo."

"Dada! Una miguu yangu ya kushoto?"
"Ndiyo, baba. Na wewe una mimi."

Huituma hivyo, akanieleza, tangu waibiwe Kahama:
kushoto basi hili, kulia basi la kesho.
"Mwizi aibe, aone atatembeaje."

Kariakoo niliuliza mara tatu kama mtaa huo upo kweli.
Siku tatu nimesafiri kutoka Kongo
ili nifike Kongo,
na hapa Kongo ni nguo za watoto, vikaango,
chaja, spika inayokohoa bei,
na mkokoteni ulionikanyaga kidole
kisha ukaniambia pole.

Begi langu lilikuwa juu ya kaunta, jeupe.
Unga wa muhogo wa mama ulipasuka njiani:
nguo nyeupe, vyeti vyeupe,
picha yangu ya pasipoti imezeeka.
"Unga wa nini huu?" akauliza Tweve.
"Wa bugali."
"Ugali."
"Bugali."
Tukabishana mpaka mkewe akaupika,
na ulipofika mezani ukawa hauna jina, tukanawa.

Kesho dirisha linafunguliwa saa mbili.
Saa mbili yao.
Hiyo moja niliiongeza kichwani;
mkononi sikugusa kitu.
Giza lilikuwa limeshaingia Kariakoo,
lakini kule ilikuwa bado kumi na mbili,
mama anafunga meza yake Kadutu, anahesabu makuta,
hajaanza kunihofia.