Vyumba Thelathini

Mimi ni fundi, si mjuzi wa picha.
Kwangu picha ni urefu na upana,
pembe nne, misumari ya nusu inchi,
na mteja anayelipa nusu leo, nusu kesho.
Hiza Semhando alikuwa mteja wa kesho
kwa miaka thelathini na minane,
hapahapa Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tano.

Mara ya kwanza alikuja na gunia kwapani,
gunia la mkonge, bado linanuka mafuta ya mashine.
"Likaze," akasema, "liwe ngoma."
Nikalikaza. Akaligonga kwa kidole, akasikiliza,
akatoka bila kuaga.

Picha zile za awali nilizielewa:
mkonge mstari kwa mstari
mpaka miguuni mwa Usambara,
nyuzi zimeanikwa kwenye waya, nyeupe,
ndevu za wazee wasio na nyuso.
Mke wangu alisema zinamtia chafya.

Kisha akaenda ng'ambo kusoma, miaka minne.
Tukasema basi, huyu atarudi na theluji.
Akarudi na koti moja na udongo uleule,
wekundu wa Muheza, ule usiotoka kwenye kanga
hata uufue kwa majivu.
Ila majani yalikuwa yamekonda.
Mwaka ule, mistari. Mwaka uliofuata, mistari michache.
Mlima ukabaki ukingo wa buluu juu kabisa,
mwembamba kama ukucha.
Nikamuuliza: Hiza, unapunguza rangi au unapunguza deni?
Alicheka mpaka akaikalia randa yangu.

Wakaja wageni na miwani yao.
Bwana Semhando, Tanga ina bahari,
mbona huichori bahari?
"Bahari haikumchoma baba yangu," akawajibu,
akaendelea kuosha brashi.

Nailoni ilipokuja, mashamba yakalala,
korona ikanyamaza, reli ikaota nyasi.
Nilidhani naye ataacha.
Akaanza kuniagiza fremu za vyumba:
sita kwa tano, sita kwa tano, kila mara.
Vingine alivipaka, vingine akaviacha gunia tupu.
Nilidhani ni dirisha.
Nilidhani ni bao, limekosewa mashimo.
Nikapima, nikakata.
Fundi haulizi dirisha linatazama wapi.

Tumemzika Muheza, mvua ikinyesha.
Wiki ya pili dada yake Mwantumu
akaingia dukani na kopo la mafuta ya kupikia,
akatoa karatasi ngumu iliyokatika mikunjo.
Kipande cha baba yao.
*Semhando Mbelwa, mkataji*, kwa wino wa karani.
Chini yake vyumba, sita kwa tano.
Siku aliyotimiza mafungu, alama.
Siku aliyolala na homa, hakuna.
Siku mwiba ulipomwingia jichoni, hakuna.
"Na hapa," Mwantumu akaweka kidole,
"ndipo alipozaliwa Hiza. Baba alishinda nyumbani."
Hakuna.

Nilikaa juu ya ile randa.
Miaka yote ile nimekata mbao za kipande
nikidhani nakata mbao za dirisha.

Picha yake ya mwisho ninayo, haijalipiwa,
imegeukia ukuta kwa sababu ya vumbi.
Sijaigeuza. Naogopa kuhesabu.

Mwantumu akauliza fremu ya karatasi hii bei gani.
Nikapima mara mbili, penseli ikateleza.
Nikamwambia nusu leo,
nusu kesho.